Dakika Tatu za Shangazi Kabemba

Rachelle alipowaambia majirani kwamba anasoma shahada ya uzamili katika usimamizi wa kimkakati na kiutendaji wa hafla, majirani walitikisa vichwa kwa heshima, kisha mmoja akauliza kama huko chuoni wanafundishwa na kupika. Si kosa lao. Katika mtaa wa Kapemba, pembeni mwa Kolwezi, hafla hazisomewi. Mtu akifa, bashi, yaani turubai, linafungwa uani, viti vinaazimwa parokiani, akina mama wanaanza kusonga bukari bila kuitwa, na ikifika jioni watu wamejaa, hata wasiomjua marehemu. Kwenda mpaka Lubumbashi kujifunza jambo hilo kulionekana sawa na kwenda kusomea kupiga chafya.

"Mutoto wa Numbi anasomea bilio," walisema, yaani vilio vya matanga, na kucheka mpaka wakashika mbavu.

Aliyeumia kuliko wote alikuwa mama yake, Mama Fidélie, kwa sababu hakuweza kuwajibu. Mumewe, Numbi Séraphin, fundi umeme wa mgodini, alikuwa amefariki mwaka uliopita, na mjane mwenye nguo nyeusi hana ruhusa ya kujibizana na watu. Hana ruhusa ya kuimba kwaya, wala kusalimia kwa mkono, wala kuuza munkoyo wake sokoni, maana nani atakunywa kinywaji kilichotoka kwenye mkono wa kilio? Mtu mmoja tu duniani angeweza kumfungua: Shangazi Kabemba wa Mutshatsha, dada mkubwa wa marehemu. Angekuja, angeingia katika chumba alicholala ndugu yake, angemshika mjane mkono na kumvusha kizingiti, na nguo nyeusi ingevuliwa hapo mlangoni. Katika nyumba ileile. Jambo hilo halihamishwi, kwa sababu marehemu hawezi kumwachia mkewe mahali ambapo hakuwahi kulala.

Na nyumba ileile ilikuwa inaondolewa. Wachimbaji walikuwa wametoboa ardhi ya Kapemba mpaka sakafu za watu zikaanza kupasuka. Choo cha jirani mmoja kilizama chini asubuhi moja, kizima kizima, na mwenyewe akashukuru Mungu kwamba alikuwa bado anatafuta sandali. Kisha ikaja kampuni na karatasi zake, na mkubwa wa mtaa akapita na kipaza sauti akitangaza kwamba wote wahame, kwamba Ijumaa katapila linaanza kubomoa, na kwamba hakuna wa kumlilia. Wengi waliondoka wiki hiyohiyo. Kaka yake Mama Fidélie, ambaye ndiye angepaswa kuisemea familia, alifunga magodoro yake na kwenda Dilolo bila hata kunywa maji.

Rachelle naye alikuwa na msiba wake. Mtihani wa mwisho wa masomo yake ulikuwa kusimamia hafla halisi mbele ya mtahini. Alikuwa ameahidiwa mkutano wa wafanyabiashara, wenye mabango na juisi, lakini wafanyabiashara walipoona nyufa mjini waliuahirisha mpaka siku isiyojulikana. Profesa Tshimanga, mtahini wake, alikwisha kupata kibali cha safari. Alimwandikia kwamba hafla yoyote itafaa, mradi iwe ya kweli.

*

"Mama," Rachelle alisema wakiwa jikoni, "kilio ya papa njo examen yangu."

Mama Fidélie akaacha kuchambua majani ya sombe. "Kilio ya papa yako njo nini?"

"Ni hafla, mama. Iko na bageni, iko na chakula, iko na mwanzo na mwisho. Ijumaa asubuhi shangazi anakuja, anakushika mukono, tunakula, tunapanda lori. Katapila ikifika inakuta nyumba bure. Profesa anaona yote."

"Na mi niko nini mu ile examen?"

"Uko bénéficiaire."

Mama Fidélie akalifikiria neno hilo la Kifaransa, mnufaika, akaona halina ubaya. Lakini Stany, mdogo wake Rachelle, aliyekuwa amelala kwenye mkeka akingoja chakula, akainua kichwa. "Na mi je?"

"Uko logistique."

Stany alifurahi kupita kiasi. Tangu siku hiyo alikataa kuchota maji au kubeba kiti mpaka aitwe kwa cheo chake.

Mama Fidélie alinawa mikono, akamvuta binti yake karibu. "Sikia, Rachelle. Mi naweza kulala chini ya bashi. Naweza kulala mu poto-poto ya matope. Mais kama ile nyumba inaanguka na Kabemba bado kunishika mukono, mi nitakufa na hii nguo. Hakuna mutu mwingine wa kunivulia. Unasikia?"

"Minasikia, mama. Iko mu mpango."

Na kweli, mpango ulikuwa wa kupendeza. Uliandikwa kwa mashine na kubandikwa ukutani juu ya ufa mkubwa. Ulikuwa na malengo, na wahusika, na mishale. Ulikuwa na jedwali la hatari: mvua, kukatika kwa umeme, upungufu wa maji, na hatari moja iliyoandikwa kwa adabu, "hali ya Stany baada ya pombe". Kila hatari ilikuwemo isipokuwa Shangazi Kabemba, kwa kuwa Rachelle alimweka upande wa wageni wa heshima, na wageni wa heshima, kadiri alivyofundishwa, hukaa walipoonyeshwa.

Programu aliituma kwa simu ya katekista wa Mutshatsha, amsomee shangazi. Kuwasili. Sala. Kisha mstari uliosema: neno la upande wa marehemu, Shangazi Kabemba, dakika tatu. Jioni katekista akapiga.

"Nimemusomea. Ameniomba nisome tena mara ya pili."

"Amesema nini?" Rachelle aliuliza.

"Hakusema kitu. Ameenda kufunga kibunda yake."

Rachelle akaona mambo yamenyooka. Mama Fidélie, aliyekuwa akisikiliza, akaweka chini sufuria. "Umemupatia Kabemba dakika tatu?"

"Njo standard, mama."

"Kabemba kusalimia tu anapita dakika tatu! Anasalimia mpaka bale balikufa!"

"Njo maana nimeandika."

Mama Fidélie akakaa kwenye kiti cha kwanza alichokiona, akavuta kitambaa cheusi mpaka usoni. Alimjua wifi yake tangu siku alipoolewa, na alijua kwamba hali si shwari hata kidogo.

*

Ijumaa, bashi lilikuwa limefungwa kabla jua halijawaka sana. Profesa Tshimanga alifika na suti ya kijivu, tai nyekundu na jalada lenye visanduku vya kutia alama. Alipewa kiti chenye mto. Akatazama viti vilivyopangwa, akatia alama. Akatazama mapipa ya maji, akatia alama. Mwisho wa mtaa katapila lilinguruma, ukuta wa kwanza ukaanguka, vumbi likaja taratibu na kutua juu ya sombe. Profesa akafikiri kidogo, hakutia alama.

Mama Fidélie alikuwa ndani, chumbani, ameketi kitandani kama desturi inavyotaka. Mlango ulikuwa wazi. Kilichobaki ni mkono wa kumshika.

Shangazi Kabemba alifika juu ya lori la makaa, mweusi wa vumbi, kibunda kichwani. Aliteremka mdomoni mwa mtaa. Watu wa upande wake waliotangulia wakasimama kumpokea. Yeye akatembea mpaka katikati ya barabara, mita chache tu kutoka uani, akatua kibunda chini, akakikalia.

Rachelle akamkimbilia. "Shangazi, karibu! Tuingie, batu bote banakungojea."

"Dakika zangu zinaanza nikiingia mu parsele," shangazi alisema, akinyooshea ua kidole bila kumtazama. "Bado kuingia. Zangu zote tatu niko nazo."

"Shangazi, nisamehe, mi niliandika tu juu ya..."

"Wewe ni nani?"

"Ni mi, Rachelle!"

"Rachelle ni mutoto wa marehemu. Mutoto wa marehemu hasemi na bakwe juu ya mama yake. Nionyeshe musemaji yenu."

Rachelle akaitazama programu yake. Hili hata mtoto wa chekechea wa Kapemba alilijua. Upande wa mjane lazima uwe na mtu mzima wa kuongea, anayepiga magoti, anayetukanwa na kuvumilia. Yeye alikuwa amejiandika mwenyewe kuwa mwongoza hafla, na mjomba wa kazi hiyo alikuwa Dilolo na magodoro yake.

Shangazi akatupa macho chini ya bashi. "Ule wa kravati, ni ndugu yenu?"

"Hapana, shangazi. Ni profesa wangu. Anakuja kuniangalia."

"Ameoa?"

"Ndiyo."

"Basi kupiga magoti anajua. Alete."

Profesa Tshimanga alieleza kwa upole kwamba yeye ni mtahini, kwamba mtahini haingilii mtihani, na kwamba kanuni za chuo ziko wazi. Nyumba ya pili ikaanguka. Rachelle alimtazama tu, macho yamejaa machozi, na nyuma yake ndugu wote wa marehemu wakawa wanamtazama vilevile. Profesa akafunga kalamu. Akaenda barabarani, akatafuta mahali pasipo na mawe, hapakuwepo, akapiga magoti na suti yake.

"Mheshimiwa mdau," alianza, "kuhusu ugawaji wa muda katika ratiba ya leo, upande wa waandaaji unatambua mapungufu..."

"Anasema nini?" shangazi akamuuliza Stany.

"Anasema umekasirika," Stany alisema.

"Apo amesema kweli. Aendelee."

*

Katapila likafika. Dereva wake alikuwa Yassini, kijana wa familia ya Waislamu waliotoka Kasongo, mpole, mwenye kofia ya kampuni iliyomzidi kichwa. Alipiga honi. Shangazi Kabemba hakutikisika. Profesa alitikisika sana, lakini shangazi alikuwa ameishika tai yake.

Yassini akateremka. "Mama, jambo yenu. Samahani, niko na kazi."

"Hata mi niko na kazi."

"Kuko nini hapa?"

"Kilio ya ndugu yangu."

"Pole sana, mama. Amekufa leo?"

"Mwaka jana."

Yassini akakuna kisogo. "Na bibi yake?"

"Iko mu nyumba, na nguo nyeusi. Mi njo wa kumutosha inje."

Kijana akageuka kuitazama nyumba, mlango wazi, bashi, watu kimya. "Iko kama mwanamuke wa eda," alisema taratibu. "Kwetu hatumutoshi inje ya nyumba ya bwana yake na nguvu. Ni zambi." Akapanda tena, akazima injini. Redio ya kiunoni ikaanza kufoka mara moja.

"Yassini! Juu ya nini umesimama?"

"Mashine imepata moto, chef. Inapoa." Akashusha redio, akawaambia watu, "Mais chef hawezi kungojea ipoe mpaka jioni. Mufanye mbio."

Neno mbio lilikuwa ndilo kosa lenyewe, na shangazi alilisikia. Akakaa vizuri zaidi.

Rachelle alisimama hapo, karatasi ya programu mkononi, akihisi aibu ikimpanda kutoka miguuni. Hakuwa anafikiri tena juu ya shahada. Alikuwa anamwona mama yake akizeeka na nguo ile, akisimama nje ya kanisa, akichota maji wa mwisho, kwa sababu ya mstari mmoja alioandika yeye. Akachuchumaa nyuma ya profesa, akamnong'oneza. Profesa akasafisha koo.

"Mtoto wenu anasema programu imekufa. Anasema sema mpaka uchoke. Hakuna dakika."

"Aichane," shangazi alisema.

Rachelle akaichana. Stany, kwa wadhifa wake, akaokota vipande.

"Vizuri. Sasa nasalimia."

Na akasalimia. Aliwasalimia waliokuwepo, kisha waliokosekana, kisha waliokufa, kijiji kwa kijiji, kutoka kaskazini mwa Katanga kushuka na reli mpaka Kolwezi. Alisimulia jinsi Séraphin alivyozaliwa miguu mbele, jinsi alivyoogopa bata, jinsi alivyoiba sukari ya mapadri akasingizia panya. Watu walicheka. Bukari likapoa, likapashwa, likapoa tena. Yassini alikaribishwa akala, akasifu sombe. Wageni wawili walisinzia wameegemeana. Profesa aliomba kubadili goti, akakubaliwa.

Lakini Rachelle, ambaye hakuwa na kazi nyingine ila kusikiliza, akagundua kitu. Kila mara shangazi alipofika kwenye ugonjwa wa ndugu yake, alipokaribia kabisa siku ya kufa, aligeuka na kurudi utotoni. Bata akarudi. Sukari ikarudi. Huyu hakuwa na hasira tena. Hasira ilikwisha zamani, kwenye bata wa kwanza. Rachelle akakumbuka somo moja alilolipenda kuliko yote chuoni: ukikwama na mtu, acha kuuliza anataka nini, uliza anaogopa nini. Akamnong'oneza profesa.

Profesa alikuwa amechoka mno kutafuta maneno ya kisomi. Akauliza tu, "Mama, unaogopa nini?"

Shangazi Kabemba akaiachia tai ya profesa. Redio ya Yassini ikafoka, naye akaifunika kwa kiganja.

"Kila mwaka minakuja hapa," shangazi alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa ndogo, hata waliosinzia wakaamka kuisikia. "Mi sina bwana, sina mutoto. Niko na hii nyumba. Nikimushika Fidélie mukono, ndugu yangu iko kwisha. Bibi yake si bibi yake tena. Nyumba munaivunja. Munaenda wapi? Mutu gani aliniambia munaenda wapi? Mulinisomea saa ya kufika. Hamukunisomea fasi ya kurudi."

Rachelle alitaka ardhi ya Kapemba, iliyomeza choo cha watu bila kuombwa, immeze na yeye. Katika mpango wake wote, na mishale yake yote, familia iliondoka saa sita, na baada ya hapo karatasi ilikuwa nyeupe.

Ndipo sauti ikatoka chumbani, sauti ambayo mtaa haukuisikia kwa mwaka mzima.

"Kabemba! Yaya, mukubwa wangu! Acha kunililia mu barabara kama mi ni mufu! Kule tunaenda, Luilu, kuko byumba bibili. Moja ya batoto, moja yangu na wewe! Ulifikiri nitalala na nani?"

Watu wakashika midomo. Mjane kupiga kelele ndani ya kilio! Wazee wa upande wa marehemu wakatazamana, hawajui waondoke au wacheke. Shangazi Kabemba akaruka juu ya kibunda chake.

"Mumesikia?" alifoka. "Mumesikia ule mwanamuke hana adabu? Nitamufundisha! Munipishe!"

Na akaingia uani kwa hasira kubwa, akalipita bashi, akakipita kizingiti, kabla mtu yeyote hajakumbuka kwamba alikuwa amekataa kuingia.

*

Huko ndani walichosema hakikusikika. Profesa Tshimanga aliinuka kwa msaada wa Stany, akajipangusa magoti, akalifungua jalada lake, akalitazama muda mrefu.

"Alama zangu, profesa?" Rachelle aliuliza, ingawa hakujali sana.

"Haiwezekani," profesa alisema. "Mtahini hawezi kumtahini ndugu yake. Itabidi chuo kimlete mwingine, na wewe utafute hafla nyingine." Kisha akaongeza, kama mtu anayeona haya, "Mtakapofika Luilu, mniambie. Inabidi nije kusalimia."

Mlangoni wakatokea. Shangazi Kabemba alikuwa mbele, amemshika Mama Fidélie mkono. Wakavuka kizingiti. Nguo nyeusi ikaanguka, na chini yake kulikuwa na kitenge cha njano na kijani, kikali kiasi cha kuumiza macho. Akina mama wakapiga vigelegele. Yassini akavua kofia.

"Nimekufungua," shangazi alisema kwa sauti ya kawaida ya kazi hiyo. "Deni ya ndugu yangu imekwisha. Enda unakotaka." Na, kama desturi inavyoamuru, akaufungua mkono wake ili amwachie.

Mama Fidélie hakuachia.

"Achilia," shangazi alinong'ona. "Batu banaangalia."

"Baangalie."

Shangazi akajaribu kuvuta, mara moja, bila nguvu. Kisha akatazama pembeni, midomo ikimcheza, akavikunja tena vidole vyake juu ya vile vya Fidélie. Yassini akawasha injini. Kitanda kikapakiwa kwenye lori la kuhamia, na sufuria, na mapipa, na kibunda. Wanawake wawili wakatembea mpaka kwenye lori wakigombana juu ya nani atakaa dirishani, na Stany na profesa ikabidi wawasukume kwa nyuma, kwa sababu kupanda lori kunahitaji mikono miwili, na kila mmoja wao alikuwa na mmoja tu.